Inchi Mbili Zilizopotea

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanguka. Si kuanguka kwa kishindo, hapana. Nimeteleza taratibu kutoka kwenye kiti cha cherehani hadi sakafuni, kama hariri inavyoteleza mezani. Duka likazunguka mara mbili, likatulia. Nikabaki chini nikitazama uvungu wa meza ambao sijauona tangu niinunue.

Mama watoto akaingia saa ile ile. Mwanamke huyu ana machale! Akauliza nafanya nini huko chini. Nikasema natafuta pini. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akingoja nizipate. Ikabidi nizitafute kweli. Nikapata nne, na kifungo cha koti la yule postamasta aliyenituhumu hadi anakufa kwamba nimekimeza. Akaenda zake. Nimeshinda.

Kumwambia? Thubutu. Binti yetu anakuja Jumapili. Yeye ni mkaguzi wa shule, kufunga shule za watu ndiyo kazi yake, atashindwa na kibanda cha baba yake? Alishasema kwenye simu kwamba siku nikipata hata kikohozi cha kueleweka, cherehani inafunikwa shuka na sisi wawili tunahamia kwake, ghorofa ya tatu, kwenye televisheni na kiti cha kuegemea. Kiti cha kuegemea! Mimi niliyekaa miaka arobaini na sita kwenye kiti kisicho na mgongo!

Mchana nikaamua kujikagua kifundi. Marehemu Mzee Chaki, aliyetufundisha kazi, alitaka kila fundi ajipime mwenyewe kila Januari na kuandika ukurasa wa kwanza wa daftari la vipimo. Sijawahi kuruka mwaka. Nikaitoa futi yangu ya kitambaa msumarini. Hii ndiyo futi yake yeye mwenyewe, aliyonivisha shingoni siku aliyostaafu, mbele ya watu.

Niseme hapa kwamba msumari ule ni ubunifu wangu. Mwezi wa pili nilipoteza funguo za duka mara tatu na kufuli mara moja (lilikuwa ndani ya birika, sijui liliingiaje). Tangu hapo, nikifungua duka asubuhi, nafunga kufuli na funguo zake mwishoni mwa futi, naitundika msumarini karibu na mlango. Mteja akija nafungua, nikimaliza kumpima narudisha. Kufuli ni la chuma, zito, la enzi zile. Hata mvua za mwezi wa nne, paa lilipovuja pale pale, hakuna kilichohama. Hakijapotea kitu tena. Akili hiyo!

Basi nikajipima. Januari kiuno kilikuwa 36. Leo 34! Nikarudia. 34! Kiuno cha siku ya harusi yangu, nilipokuwa mwanagenzi asiye na uhakika wa chakula cha jioni. Kifua kilikuwa 42, leo hakifiki 40. Nikauma ncha ya futi kwa meno nikapima mkono. Ulikuwa 25. Leo 23 na nusu.

Mkono! Ugonjwa gani huu unaokula hadi mifupa? Ndiyo maana rafu ya juu imekuwa mbali siku hizi.

Jumanne, 4 Juni

Sijalala vizuri. Nimejiangalia kwenye kioo cha wateja. Uso ni ule ule, lakini uso huwa wa mwisho kujua.

Mpango una sehemu mbili. Kwanza, kula. Nimechemsha mayai sita nikayala nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kwa chumvi ya kutosha, maana chumvi hurudisha nguvu. Maganda nimeyaficha kwenye kopo la vifungo. Pili, nimeanza kujishonea kizibao cha kuvaa ndani ya shati, chenye pamba tele na vipande vya bitana kuzunguka kiuno. Binti atakumbatia baba mnene, ataridhika, atarudi kwake.

Fundi wa ng'ambo ya barabara ameniona nikitafuna. Huyu namwita Kola, kwa sababu hufunga kifungo cha shingo hata kwenye joto la kuivisha mkate. Tulijifunza pamoja kwa Mzee Chaki. Siku ya kustaafu, Mzee alinipa mimi futi, Kola akampa mkasi. Kila mmoja wetu anajua kwamba yeye ndiye aliyependwa zaidi. Tulibishana juu ya hilo miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu siku hiyo sijavuka barabara.

Saa tisa akaja Tarishi, rafiki yangu, aliyegawa barua mitaa hii hadi baiskeli yake ikachakaa akabaki yeye. Nilikuwa nimemshonea suruali. Alikataa kupimwa, akaniamuru nifuate daftari, vile vile kama ile ya kustaafu kwake, kwa kuwa yeye habadiliki. Kiuno 40. Nikakata 40, kwa futi hii hii, kwa mkono huu huu.

Akaivaa mbele ya kioo. Akaiachia. Ikashuka yote hadi kwenye viatu.

Tulisimama, mimi na chaki sikioni, yeye na magoti yake. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo kama nimekosea kukata. Nikamjibu kwamba mimi sijakosea kiuno tangu nipate leseni. Nikampima. 37 na robo tatu. Akakaa chini bila kupandisha suruali.

Jumatano, 5 Juni

Nimeelewa. Unaambukiza!

Mimi na Tarishi tunatumia miwani moja ya kusomea. Yangu ilivunjika mwaka jana, yake tukaigawana: asubuhi yangu, jioni yake, na tukicheza drafti anavaa mwenye zamu. Imepitia hapo, puani. Nimemweleza leo. Amekubali bila ubishi, jambo ambalo kwa Tarishi lenyewe ni dalili mbaya.

Akaniuliza atafanya nini na siku zilizobaki. Nikamshauri anyamaze hadi Jumatatu, binti yangu akishaondoka. Akaahidi. Kufika saa nne ameanza kupita nyumba zote alizokuwa akipeleka barua, akiaga. Mlango kwa mlango, kwa utaratibu ule ule wa zamani, mkono wa kushoto kwanza. Mjane wa kwenye kona ameniambia alikuja akasimama wima akamshukuru kwa mbwa ambaye hakumuuma hata siku moja. Mbwa huyo alikufa zamani sana. Mjane akalia, Tarishi akalia.

Jioni, kabla ya kufunga, nimesoma daftari la vipimo. Nilitaka ukurasa mmoja, nikasoma lote. Mwalimu wa dansi, kiuno 28, mguu mrefu kuliko wote kitabuni. Wanakwaya kumi na wawili, suruali za kijivu, na yule wa sauti nzito aliyekula hadi nikambadilishia namba mara tatu kabla ya onyesho. Postamasta: tumbo lake nimeliandika kwa penseli kwa sababu lilikuwa halitulii. Watu walikuja na jora kwapani, wakasimama hapa wamenyoosha mikono, wakashusha pumzi, wakaniambia mambo ambayo hawakuwaambia wake zao. Mtu ukimshika kiuno hukuambia kila kitu.

Mzee Chaki alitufundisha kwamba mteja akifariki unakunja pembe ya ukurasa wake. Hufuti. Siku hizi zilizokunjwa ni nyingi kuliko zilizonyooka, daftari limenona upande mmoja. Nikarudi ukurasa wa kwanza, wangu. Nikakunja pembe kidogo, kujaribu tu. Nikainyoosha haraka. Alama imebaki.

Jumamosi iliyopita nilikuwa mtu mzima wa afya. Siku zinakimbia jamani.

Alhamisi, 6 Juni

Mama watoto ameniuliza mbona mayai yanaisha. Nikasema panya. Akauliza panya gani anayechemsha. Nikajifanya sisikii. Uzee una faida zake.

Lakini swali lake limenitia hofu nyingine. Kama miwani inaambukiza, je, mto? Je, bakuli? Miaka arobaini na moja tunakula meza moja!

Yeye hujinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Nikavua viatu. Nikaingia na futi. Kiuno nisingekiweza bila kumgeuza, nikachagua mkono: begani, kiwiko, kifundo. Ukurasa wake uko moyoni, sihitaji daftari. Urefu wa mkono 22.

Nikasoma: 20 na robo tatu.

Nilikaa sakafuni karibu na kochi. Nikakumbuka siku ya kwanza. Aliingia duka la Mzee Chaki na kitambaa cha rangi ya maziwa chenye vidoti vya kijani, akitaka gauni la mahafali ya dada yake. Kwa Mzee tulifanya kazi wawili wawili: mmoja anapima na kutaja namba, mwenzake anaandika. Mimi nilipima, Kola akaandika. Nilitaja 22 kwa sauti iliyokatika katikati, Kola akainua macho akanicheka. Nilipokata, nikakata mikono 24. Makusudi! Ili airudishe. Akairudisha. Nikapunguza nusu inchi tu. Akarudi tena. Mara tatu alirudi na gauni lile, hadi Mzee Chaki akaniita pembeni akaniambia nichague, nimpunguzie mikono au nipeleke posa, maana kiti cha wateja kinachakaa.

Mkono ule ule leo ulikuwa juu ya kochi, na ngozi yake imelegea kidogo kwenye kiwiko. Nimelia. Naandika wazi kwa sababu hapa hapasomwi na mtu. Mimi niende, sawa, nimeshona vya kutosha. Lakini yeye nimempimia maisha yake yote, nani atakayempima vizuri?

Ijumaa, 7 Juni

Nimevuka barabara.

Nilikuwa nimeamua. Duka lisije likageuzwa stoo, cherehani isije ikawekewa sufuria za maua juu. Anayejua thamani ya vitu hivi ni mmoja tu duniani, na ndiye nisiyesema naye. Nikachukua daftari na futi, nikavua kizibao cha pamba kwa heshima, nikaenda.

Kola alikuwa anapiga pasi. Aliponiona mlangoni akaisahau juu ya kola ya mtu, hadi tukasikia harufu. Nikamweleza yote kwa mkupuo: kwamba nakufa, kwamba Tarishi anakufa, kwamba mama watoto naye ameanza, kwamba wateja wangu awachukue, awavumilie wanaopenda suruali ya juu ya kitovu, na kufuli langu linafunguka ukilipiga kidogo ubavuni. Akaweka pasi pembeni. Alisema kwamba siku zote alijua futi ilikwenda kwa mtu anayestahili. Nikasema mkasi pia. Tulishindwa kutazamana.

Kisha akasema hawezi kupokea wateja wa mtu bila kumpima mtu mwenyewe. Akatoa futi yake, ya plastiki, ya manjano. Akapima kiuno changu. Akarudia. Akasema 36.

Nikamwambia macho yake yamekwisha. Akanipa nisome mwenyewe. 36! Mkono: 25! Akanyoosha mkono kuomba futi ya Mzee Chaki. Akazilaza zote mbili mezani, ncha kwa ncha, akazibana kwa pini. Zikaanza pamoja vizuri, kama ndugu. Lakini yangu ilipofika 34, yake ilikuwa inasema 36.

Akauliza nimeifanya nini. Nikamweleza kuhusu msumari. Akauliza kufuli lenyewe ni kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza kama pale hapavuji. Nikasema panavuja kidogo tu, mwezi wa nne.

Kola akakaa sakafuni akacheka hadi kifungo cha shingo kikakatika. Tangu ujana wetu sijaona koo lake! Hakuna mteja aliyelalamika, akasema, kwa kuwa ninapima na kukata kwa futi hiyo hiyo iliyovutika, nguo inatoka sawa. Nguo moja tu isingetoka sawa: ile iliyokatwa kwa namba za zamani. Suruali ya Tarishi!

Baadaye akasimama. Akakumbusha sheria ya Mzee Chaki, ambayo nilikuwa naomba Mungu aisahau: futi iliyovutika hukatwa vipande viwili siku hiyo hiyo, isije ikadanganya mtu mwingine. Akatoa ule mkasi. Bado unang'aa, ameutunza kuliko nilivyotunza mimi. Akaweka futi katikati ya makali. Mkono haukushuka.

Akaomba, kwa aibu, nimpime kwanza kifua. Nikapima kwa futi ya Mzee. Ikatoa namba ya ujana wake, kifua alichokuwa nacho tukicheza mpira nyuma ya karakana. Akatabasamu akauliza mabega je. Basi tukaendelea, mimi natamka, yeye anaandika, kama zamani, wazee wawili katikati ya duka, tumenyoosha mikono. Mkasi ukarudi ukutani. Nilipovuka barabara kurudi kwangu nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Jumamosi, 8 Juni (nimeandikiwa na mama watoto, ninatamka tu, mkono wangu una mpira wa dawa)

Asubuhi nilikuwa na furaha ya kupindukia. Nilifikiri hivi: kama inchi hazikupotea, basi na kile kizunguzungu hakikuwa kizunguzungu. Ni futi tu. Nikala mayai manne ya kusherehekea. Nikavaa kizibao cha pamba, maana ni kazi nzuri, ingekuwa dhambi kuitupa. Tarishi akapata habari na kwa sasa yuko njiani anapita nyumba zile zile kuwaambia hafi tena.

Kisha nikataka kujithibitishia kwamba urefu wangu umerudi. Nikapanda stuli kuchukua jora la rafu ya juu. Nilifika! Nakumbuka nilifika. Baada ya hapo sikumbuki.

Kola aliniona kutoka ng'ambo. Anasema alivuka bila kutazama magari. Zahanatini, nesi alikata shati langu kwa mkasi, pamba ikamwagika kutoka tumboni mwangu, akapiga kelele hadi daktari akaja mbio. Daktari anasema pamba imeokoa mbavu zangu. Naomba hilo liandikwe kwa herufi kubwa. (Anakataa kuliandika kwa herufi kubwa.)

Presha. 190 kwa 110. Daktari hakutania. Aliushika mkono wangu wa kulia akauliza kama ni huu unaoshika sindano. Nikasema ndio. Akasema kwa presha ya namna hii, siku moja naweza kuamka mkono huu hausikii, na mdomo umekwenda upande, au nisiamke kabisa. Dawa kila siku, maisha yote. Chumvi basi. Kutembea.

Niliogopa. Ile hofu ya inchi ilikuwa na raha yake, nilikuwa naimiliki. Hii haina mwenyewe.

Mama watoto amesimamisha kalamu. Anataka niandikishe kwamba Alhamisi hakuwa amelala. Kwamba alihisi futi begani, akanisikia nikilia, akaacha, kwa sababu tangu Jumatatu alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Hakuna anayetafuta pini akiwa amelala chali. Na anataka iandikwe pia kwamba mama yake alikuwa na cherehani nyumbani, nzuri kuliko ya Mzee Chaki. Ile mikono ya gauni angeipunguza mwenyewe kwa dakika tano. Alitembea mara tatu, jua kali, kwa hiari yake.

Miaka arobaini na moja nilidhani nilimtega mimi!

Jumapili, 9 Juni

Zahanati wameniruhusu asubuhi, na binti amefika. Alisimama mlangoni mwa duka na begi lake, akatazama stuli iliyovunjika, chupa ya dawa na baba yake, akaanza kukunja mikono ya blauzi. Ninamjua. Hivyo ndivyo anavyofunga shule.

Alisema ya kutosha, mengine ni kweli. Kwamba mimi si kijana. Kwamba kila simu ikilia asubuhi mapema moyo wake unasimama kabla hajaipokea. Hilo sikulijua. Akaanza kulia, na mkaguzi wa shule akilia hujui uweke wapi macho. Nikasema tutahama. Nilisema kweli. Nikanyanyuka nikaenda kuchukua shuka la kufunika cherehani.

Mama watoto akanipokonya shuka. Akamwambia mwanawe kwamba ghorofa ya tatu ni nzuri, na kiti ni kizuri, lakini baba yake akikalishwa hapo atakuwa mzee kwa wiki mbili. Hapa anakuwa mzee polepole. Akaweka masharti yeye mwenyewe: duka hadi saa saba tu, vidonge mbele ya macho yake, chumvi anaishika yeye, kutembea kila asubuhi kuzunguka uwanja wa mpira, na kliniki kila akiitwa. Nikivunja moja, akasema, shuka litashuka na hatasema neno. Binti akashusha mikono ya blauzi. Akakubali. Nikaahidi, mkono juu ya cherehani. Nusura nilie na mimi.

Kabla hajaondoka, binti alipekua daftari, akaona ile alama ya kukunja ukurasa wa kwanza. Sikumweleza. Mama yake ndiye aliyeelewa. Akawasha pasi, akatandika kitambaa juu ya ukurasa, akaipiga ile pembe hadi ikanyooka.

Kisha akanipa kijisanduku. Futi mpya! Nyeupe, ya kitambaa kizuri, ncha za shaba. Amemtuma Kola akaichague. Akaitoa akanivisha shingoni, mbele ya binti, na Kola na Tarishi waliokuja kunijulia hali, taratibu, kama Mzee Chaki alivyofanya. Ile ya zamani wamekubaliana isikatwe. Itakaa ndani ya daftari, pamoja na wengine waliostaafu.

Nimejifunza. Naandika hili kwa wino.

Jumatano, 12 Juni

Kliniki. Presha imeshuka kidogo, haijafika wanapotaka. Daktari akasema niendelee na kila kitu. Wakati nesi ananifunga kile kitambaa cha mkononi, nikamwuliza, hivi hivi tu, kimetumika miaka mingapi. Akasema sita. Miaka sita kinavutwa na kujazwa upepo kutwa nzima! Nikatabasamu. Sikumwambia kitu, ni mambo ya kifundi, angeona namdharau. Lakini mimi na vitambaa vilivyovutika tunajuana.

Niliporudi dukani nikatoa futi ya Mzee Chaki daftarini, kwa kulinganisha tu. Kiuno: 34. Kiuno cha bwana harusi! Mtu wa kiuno hiki na presha wapi na wapi? Vidonge nimemeza, mama watoto alisimama juu yangu hadi akaona koo limeshuka. Uwanja nimeuzunguka pia, hadi kwenye benchi, Tarishi alikuwa na drafti. Yai moja, chumvi ya ncha ya kidole. Hiyo si chumvi.

Tatizo moja tu. Funguo zilipotea asubuhi. Nimezikuta saa tano mfukoni mwa koti la mteja, alikuwa amebakiza dakika mbili alichukue. Chupa ya vidonge nayo niliitafuta nusu saa, ilikuwa kwenye kopo la vifungo, chini ya maganda. Mama watoto akijua nimeanza kupoteza dawa, atapiga simu, na shuka litashuka. Haiwezekani. Duka hili siliachi kwa sababu ya ufunguo!

Nimekaa nikafikiri. Dakika tatu tu, suluhisho hili hapa.

Futi mpya ni imara, ina ncha za shaba na tundu zuri kabisa mwishoni. Nimefunga hapo kufuli, funguo zake, na kimfuko kidogo cha bitana chenye chupa ya vidonge. Nimetundika vyote msumarini karibu na mlango. Vinaning'inia vizuri, vimenyooka.

Hakitapotea kitu tena. Akili hiyo!